Jibu: Jenomu ya binadamu ni bilioni 3 au bilioni 6?
Ndugu, umeuliza kwa nini kitabu kimoja kinasema jenomu ya binadamu, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyo kwenye DNA, ina jozi za besi ("herufi" za DNA zinazokaa mbili mbili) bilioni 3 na kingine bilioni 6. Vyote viko sahihi, ila kila kimoja kinahesabu kitu chake. Bilioni 3 na ushei ni seti moja ya kromosomu (vifurushi vya DNA) 23, kama iliyomo kwenye yai au mbegu ya kiume. Seli nyingi za mwili zina seti mbili, ya mama na ya baba, ndipo unapofika bilioni 6 na kidogo.

Hesabu kamili ya hiyo seti moja ilichelewa mno. Mwaka 2003 mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu ya binadamu ulitangazwa kukamilika, kumbe karibu asilimia 8 ilikuwa haijasomeka, hasa katikati ya kromosomu ambako mfuatano uleule hujirudiarudia. Mwaka 2022 ndipo kundi la wanasayansi liitwalo T2T lilipotoa mfuatano usio na mapengo: jozi bilioni 3.055 hivi, bila kromosomu Y. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilistahili sifa kubwa kuliko iliyopata.

Idadi pia haifanani kwa watu wote. Kromosomu X ina jozi milioni 154 hivi na Y milioni 62 tu, kwa hiyo seli ya mwanamke (yenye X mbili) ina DNA nyingi kidogo kuliko ya mwanamume (yenye X na Y). DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), yenye jozi 16,569, kwa kawaida huhesabiwa kando.

Pia uliuliza urefu wa DNA hiyo ikinyooshwa: kila jozi huchukua nanomita 0.34 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zidisha kwa bilioni 6, utapata mita 2 hivi ndani ya kiini cha seli moja.