Maswali Yenu: Shamba Limebaki Kijijini, Mimi Niko Mjini

SWALI: Habari za kazi. Nimeolewa hapa Tabora mjini nikitokea Urambo. Nimezoea kuamka na jembe. Huku ni kufagia uwanja na kununua mboga za mafungu. Moyo hautulii. Tumepanga vyumba viwili, uwanja ni wa wapangaji wote. Nifanyeje?
Msomaji, Ng'ambo

JIBU: Pole, dada. Kinachokusumbua ni mikono kukosa kazi, na hiyo dawa yake ipo hata kwenye nyumba ya kupanga. Muombe mwenye nyumba kona moja inayopata jua la asubuhi, uweke kiroba cha mboga.

Chukua kiroba cha kilo 50. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Kama samadi bado ina joto au inanuka, iache kwanza: mbichi huunguza mizizi, miche ikanyauka ukadhani ni kiu. Tafuta kopo kubwa la maziwa, litoe kitako, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, livute juu, jaza tena, hadi ibaki nguzo ya kokoto kutoka chini mpaka juu. Wengi huiruka hatua hii wakiona usumbufu, na hapo ndipo viroba vingi vinapofia: maji hutuama juu, miche ya chini inakauka.

Toboa matundu ubavuni, yaachane kwa kiganja kimoja na yapishane. Panda miche ya chainizi au sukuma wiki. Juu mwaga mbegu za mchicha. Kiangazi mwagilia lita tano asubuhi na tano jioni, ukimimina kwenye kokoto. Chuma majani ya nje tu, kiini ukiache. Kuku wa majirani hawana adabu, kwa hiyo zungushia miba mapema. Ukienda kusalimia nyumbani (treni ya Kigoma inapita Urambo), rudi na marando ya viazi upande kiroba cha pili, upate matembele.

SWALI: Naanika michembe (vipande vya viazi vitamu vya kukausha) juu ya bati, kama kijijini wanavyoanika juu ya mawe, lakini wiki mbili tu gunia limeota ukungu. Ya bibi inadumu mwaka.
Msomaji, Isevya

JIBU: Bati la moto hukausha nje haraka, unyevu ukabaki ndani. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5, uanike kwenye kichanja kinachopitisha upepo chini, na uingize ndani kabla ya umande. Jua la Julai linatosha kwa siku 3 hadi 5. Pima kwa kipande kinene kuliko vyote: kikivunjika kwa mlio, tayari; kikipinda, bado. Iache ipoe kabisa ndipo ufunge, maana michembe yenye joto hutoa jasho ndani ya gunia.

Iliyoota ukungu tupa, usiioshe wala usiwape kuku. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila mwezi angalia chini yake. Ukiona unga, huenda ni dumuzi, mdudu mharibifu wa ghalani wanayemwita skania, aliyeripotiwa kwa mara ya kwanza Afrika hapahapa Tabora mwaka 1981. Chekecha, anika upya juani, na gunia lenyewe lichemshe kabla ya kulitumia tena.