Kabla hujafungua kabureta, tazama tangi lapumua?

Mashine ya boti yangu ni ya farasi 40, silinda mbili, zile za kuchanganya oili na petroli. Msimu wa kusi uliopita ilinitia adabu. Nikitoka Tudor, hapa Mombasa, asubuhi inavuma vizuri, lakini nikikaribia Bandari ya Kale inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, kisha kimya. Nikingoja kidogo, inawaka tena kama si yeye. Na maji yakiwa yanatoka, huku unavuta kamba, unapelekwa tu.

Fundi alifungua kabureta mara mbili. Akasafisha jeti, vile vitundu vidogo vya kupitisha mafuta, akaweka plagi mpya, akalipwa. Ugonjwa pale pale. Ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, hakugusa hata spana. Aliuliza tu: "Mwanangu, tangi lapumua?"

Skurubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi ilikuwa imefungwa. Niliifunga mwenyewe, petroli isimwagike garini, nikasahau. Mafuta yakivutwa na hewa haiingii, tangi hujibana mpaka pampu inashindwa. Mashine ikizima, hewa hujipenyeza polepole, ndiyo maana ilikuwa inawaka tena.

Tangu hapo naanza na ule mpira wa kuminya ulio kwenye paipu ya mafuta. Mashine ikianza kufifia, uminye. Ikirudi na nguvu, shida ni mafuta kutofika, kwa hiyo plagi ziache kwanza. Ukiukuta umenyonyeka bapa, kuna kizuizi upande wa tangi: hewa haiingii, au chujio la ndani limejaa taka. Ukiminya wee na haukazi, mara nyingi hewa inaingia mahali. Kagua paipu yenyewe na oringi, zile pete za mpira, za viungio. Jua na chumvi yetu huzila haraka.

Halafu maji. Tangi likikaa nusu tupu kwenye unyevu huu wa Pwani, hutoa jasho ndani. Chota mafuta kutoka chini kabisa, tia kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona yamelala chini. (Sigara weka mbali, tafadhali. Nimeona mtu akichungulia tangi na sigara mdomoni.)

Hapo ndipo nafungua plagi. Ikiwa moja imelowa na ni nyeusi na mwenzake ni kavu, ile silinda iliyolowa pengine haipati cheche. Zibadilishe nafasi plagi hizo mbili uone kama ugonjwa unahama. Plagi iliyopauka nyeupe ndiyo inayonitisha. Silinda hiyo inapata mafuta machache, na kwa mashine za aina hii oili huja pamoja na mafuta. Ukiendelea kuikimbiza hivyo, unaichoma pistoni.

Kuhusu mchanganyiko, fuata kitabu cha mashine yako. Yangu ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa nimeacha.

Na chochote unachojaribu, badilisha kimoja, washa, sikiliza. Fundi wangu alibadilisha vitatu kwa mpigo, tukawa hatujui hata kipi kilikuwa kizima.

Skurubu ile nimeipaka rangi nyekundu. Ami bado huniuliza kila asubuhi.