Vidole havishiki simu: tununue mashine ya macho?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mwembe mwaka jana, akaumia uti wa mgongo shingoni. Miguu haifanyi kazi. Mikono anainua, na kifundo cha mkono anakikunja kwenda nyuma, ila vidole havishiki chochote. Ana simu ya Android, lakini mpaka mtu ambonyezee. Ndugu zetu walioko Oman wanataka kuchanga wanunue mashine ya kuendesha kompyuta kwa macho. Itamfaa? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, dada. Waambie wasubiri kwanza. Mashine ya macho inamfaa zaidi mtu aliyebakiwa na macho tu. Bei yake hufika mamilioni ya shilingi, na ikiharibika fundi wa kuitengeneza hapo mjini humpati. Mdogo wako ana kifundo, na kifundo ni mali.

Jaribuni hivi. Aegemeze kiwiko mezani, aache kiganja kining'inie mbele, kisha akunje kifundo kwenda nyuma. Mtaona vidole vinajikunja vyenyewe na gumba linasogelea kidole cha shahada. Misuli ya vidole haijaamka. Ni kano zinavutwa na kifundo. Kwa mshiko huo watu hushika kijiko, mswaki, hata simu nyepesi. Kwa hiyo mkimfanyisha mazoezi, msimnyooshe vidole wakati kifundo kimekunjwa nyuma. Ndugu wengi huvivuta kwa nia njema kabisa, kano zinalegea, na mshiko unapotea. Vidole vinyoosheni kifundo kikiwa kimelegea mbele.

Kwa simu, anzeni na fundi viatu. Awashonee mkanda wa ngozi wa kuzunguka kiganja, wenye kimfuko upande wa ndani, na humo mchomeke kalamu ya skrini yenye ncha ya mpira na mwili wa chuma, zile zinazouzwa kwenye maduka ya simu. Ngozi ikiizunguka kalamu yote skrini haitaitikia, maana inategemea umeme kidogo wa mwili. Fundi akate tundu ili chuma kiguse kiganja. Simu nayo isishikwe: ilazwe kwenye stendi iliyoinama, isiyoteleza. Kisha ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, mwongeze muda wa kugusa na kushikilia, ili mkono ukichelewa kunyanyuka simu isidhani ameshikilia.

Maandishi marefu ayaseme tu. Kibodi ya Google, Gboard, inapokea Kiswahili kwa sauti tangu mwaka 2017. Anabonyeza maikrofoni, anaongea, meseji inajiandika. Ila Voice Access, ile ya kuiendesha simu yote kwa maneno, Kiswahili haimo, kwa hiyo itamfaa kama Kiingereza chake hakina shida.

Kalamu ikimchosha, chukueni kibodi ya kawaida ya kompyuta, muiunge kwa waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, muwashe Kufikia Kupitia Swichi, yaani mpangilio wa kuiendesha simu kwa vitufe bila kugusa skrini. Vitufe viwili vinatosha: kimoja kinasogeza alama kwenye skrini, kingine kinachagua, na anavigonga kwa upande wa mkono. Ni polepole, sikufichi, lakini hakuna kinachomharakisha. Mkono ukishtukashtuka na kugonga mara mbili, humo humo kuna mpangilio wa kupuuza kule kugonga kwa pili. Simu mpya kidogo hata hukubali tabasamu au nyusi kuwa swichi kupitia kamera, ila inataka mwanga mzuri na inakula chaji.

Haya yote yanakwenda vizuri zaidi mkiwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa kumpima mkanda. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa. Akikosekana, nendeni CCBRT, hospitali ya watu wenye ulemavu iliyoko Dar es Salaam.

Jambo moja msilisahau. Akishaweza simu atakaa nayo masaa, na makalioni hasikii maumivu, hivyo kidonda cha mgandamizo kitaanza bila yeye kujua. Wekeni kengele kwenye simu hiyo hiyo, kila baada ya nusu saa, ainamishwe mbele au pembeni dakika mbili hivi.