Riwaya inajua nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), lakini usiku husoma riwaya. Mwenzangu wa bweni ananiambia napoteza wakati: fizikia ni maarifa kwa sababu mambo yake hupimwa, riwaya ni mambo ya kutunga tu. Nilikosa la kumjibu. Je, hadithi ya kubuni inaweza kumpa mtu maarifa ya kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ameshika jambo zito, usimpuuze. Ila mwulize: hiyo kauli yake kwamba kisichopimika si maarifa, yeye ameipima kwa chombo gani? Hakuna maabara itakayoithibitisha. Ni kauli ya falsafa, na itabidi aitetee kwa hoja.

Nimefundisha fasihi maisha yangu yote ya kazi, lakini mfano nitakaokupa ni wa fizikia, tena wa hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe ndipo wayaweke kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa inakwisha, akayaweka ya kwake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne aliahidi kwenda kulijaribu.

Hapa ndipo nataka mwenzako atulie. Fundi wa maabara alipojaribu, maji ya moto yalitangulia kweli. Akatoa taarifa hiyo, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Matokeo anayo mkononi, na bado hayaamini. Basi kipimajoto peke yake hakikutosha kuwafikisha Mpemba na Osborne kwenye makala waliyochapisha pamoja mwaka 1969. Alihitajika pia mtu mzima aliyekubali kwamba swali la kijana aliyechekwa lina haki ya kujaribiwa. Huo ni uadilifu, na sayansi haisimami bila huo.

Mimi uadilifu huo nilijifunza kuutambua katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa gereza. Nchi hiyo haipo popote. Imetungwa ikielea angani. Lakini aliyeisoma ataitambua sauti ya Majivuno, mshitaki wa Karama, siku atakapoisikia darasani, na pengine ataikamata mapema hata ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Hayo nayaita maarifa bila kusita. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambaye naye aliandika kwamba maji yaliyopashwa moto kwanza hupoa haraka, alisema ushairi una falsafa zaidi kuliko historia, kwa kuwa historia hueleza yaliyotokea, ushairi yanayoweza kutokea.

Hata hivyo usimzidishie mwenzako. Kusadikika haitakuambia maziwa yapi yatatangulia kuganda. Fizikia yenyewe bado inabishana juu ya hilo: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia, na kwamba kipimajoto kikisogea kidogo tu kinaweza kupotosha matokeo. Kumheshimu Mpemba hakuwazuii watu kupima upya. Yeye mwenyewe ndicho alichokuwa akikiomba.

Shuleni kwenu kukiwa na jokofu, mwombeni mwalimu wa fizikia mjaribu wenyewe. Na mwenzako akiwa anasubiri maji yagande, mpe Kusadikika. Ni kitabu chembamba.