Alama 27 na sampuli ya 384: kupima uchovu wa kazi kwa wakunga

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania, na ninasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu uchovu wa kazi miongoni mwa wakunga wote wa wilaya, ambao ni 120 katika hospitali, vituo vya afya na zahanati. Msimamizi wangu ameniagiza nitumie dodoso la Maslach, nimhesabu kila mwenye alama 27 au zaidi za uchovu wa hisia kuwa ameathirika, kisha nitoe asilimia. Fomula ya sampuli nayo imenipa watu 384, ambao sina. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mkunga, nianze na la sampuli kwa kuwa ndilo jepesi. Hiyo 384 hupatikana pale mtafiti anapodhani kwamba nusu ya watu wameathirika, anapokubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, na anapochukulia kwamba watu anaowatafiti ni wengi kiasi cha kutohesabika. Wako wanahesabika. Ukisahihisha kwa idadi ya 120, yaani 384 ugawe kwa 1 ukijumlisha 383 juu ya 120, unapata 92. Na ukiacha nafasi kwa mmoja katika kila kumi asiyejibu, unafika kama 102. Kwa tofauti ya watu kumi na wanane hakuna haja ya kuchagua baadhi yao kwa kura. Waalike wote.

La alama 27 ndilo zito, na hapo sikubaliani na agizo ulilopewa. Dodoso la Christina Maslach na Susan Jackson, lililochapishwa mwaka 1981, lina vipengele 22 vilivyogawanyika katika sehemu tatu: uchovu wa hisia, kujitenga kihisia na wanaohudumiwa, na hisia ya kufanikiwa kazini. Sehemu ya kwanza ina vipengele tisa, kila kimoja kikiwa na alama kuanzia 0 hadi 6, kwa hiyo upeo wake ni 54. Mpaka wa 27 haukupatikana kwa kuwapima waliochoka na wasiochoka ili kuona wanatengana wapi. Alama za kundi la wafanyakazi wa Marekani ziligawanywa mafungu matatu, na fungu la juu likaitwa “kiwango cha juu”. Maana yake ni kwamba theluthi moja ya kundi lile ingeonekana imeathirika hata kama kila mmoja wao angekuwa mzima wa moyo. Ndiyo sababu toleo la nne la mwongozo wa dodoso hilo, la mwaka 2016, liliiondoa mipaka hiyo, ingawa tasnifu zinaendelea kunakiliana.

Athari ya kukosa mpaka wenye msingi ilionekana mwaka 2018, pale mapitio ya tafiti 182 kuhusu madaktari, yaliyochapishwa katika jarida la JAMA, yalipokuta fasili 142 tofauti za uchovu wa kazi, na viwango vya walioathirika vikianzia 0 hadi asilimia 80.5. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, linautaja kuwa hali itokanayo na kazi, bila kuuita ugonjwa. Mwombe msimamizi wako akuruhusu kutoa wastani wa kila sehemu pamoja na mtawanyiko wake, na usizijumlishe sehemu hizo tatu kuwa alama moja.

Kabla ya hapo, fikiria pia dodoso la Copenhagen la mwaka 2005, ambalo lina maswali 19 na halilipiwi, wakati lile la Maslach huhitaji leseni ya kununua. Linatenganisha uchovu wa mtu mwenyewe, uchovu utokanao na kazi, na uchovu utokanao na wanaohudumiwa, na katika sehemu hiyo ya mwisho unaruhusiwa kuweka neno linalofaa mahali pako, mathalani “wazazi”, yaani akina mama wanaokuja kujifungua. Limekwisha kutumika kwa wakunga katika nchi kadhaa. Wengi huchukua alama 50 kuwa mpaka wake, nao pia ni wa makubaliano tu.

Tafsiri ndiyo kazi ambayo wanafunzi huifanya kwa usiku mmoja, nayo inahitaji wiki kadhaa. “Nimechoka” kwa Kiswahili ni mwili uliolemewa, ni maisha yaliyokwama, na ni mtu aliyeudhika na mwenzake. Swali lisiposema ni kuchoka kupi, kila mtu atajibu la kwake. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wa tatu ambaye hakuliona dodoso la asili alirudishe katika Kiingereza, kisha ukae na wakunga wachache wa wilaya nyingine uwaulize swali kwa swali: umelielewaje? Sehemu ya kujitenga na wazazi itakusumbua zaidi. Mkunga aliyeambiwa tangu chuoni kwamba ukunga ni wito hatatia alama kirahisi mahali panaposema kwamba hajali tena yanayowapata wazazi. Alama ndogo hapo yaweza kuwa aibu tu, si huruma. Mazungumzo ya ana kwa ana na watu wanane au kumi yatakuonyesha zaidi.

Usiishie kwenye dodoso. Nchini, uzazi unaofanyika katika vituo vya huduma ulipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 81 katika ule wa 2022, na kama wakunga hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, mzigo uliongezeka juu ya walewale. Wewe unaweza kuupima: rejista ya uzazi ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, inakupa waliojifungua kila siku, ratiba ya zamu inakupa wakunga waliokuwapo. Linganisha hesabu hiyo na alama za uchovu, ukikumbuka kuzingatia katika uchambuzi kwamba wakunga wa kituo kimoja hufanana. Tafuta pia idadi ya waliohama au kuacha kazi mwaka uliopita, kwa sababu aliyechoka kupita kiasi huenda hayupo tena wa kujibu.

Kuhusu usiri, kibali cha maadili utakipata chuoni kwako na utafuata taratibu za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lakini kibali hakitamficha mtu aliye peke yake. Katika zahanati yenye mkunga mmoja, jina la zahanati ni jina lake. Kwa hiyo andika ngazi ya kituo badala ya jina, na weka umri katika makundi. Madodoso yasipitie mikononi mwa muuguzi mfawidhi hata kama amejitolea kwa nia njema. Tumia bahasha za kufunga na sanduku lenye kufuli, na usiyagawe asubuhi wakati wa makabidhiano ya zamu ya usiku, maana hapo utakuwa unapima usiku mmoja.