Njooni Jumamosi, saa tatu asubuhi

Mara ya mwisho kwenda na mwanangu kwenye shughuli ilikuwa arobaini ya mtoto wa rafiki yangu, Tabata. Spika zimefunguliwa hadi mwisho, watu wamebanana chini ya turubai, na wangu, ambaye ana usonji (autism, yaani ubongo wake hupokea mambo tofauti na wengine), akamng'ata mkono binti mkubwa wa mwenye shughuli. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyu hajachapwa tu." Nilimbeba huku akipiga mateke, nikapanda bajaji, nikalia mpaka nyumbani.

Simu za marafiki zikapungua. Nikaamini wamenitenga. Karibu mwaka ukapita ndipo mmoja akanifungukia: "Shosti, tukikualika tunaona tunakutesa. Tusipokualika tunaona tunakubagua. Basi tukanyamaza." Kumbe tulikuwa tunangojeana.

Siku hizi kwenye shughuli naenda peke yangu, mapema, kabla muziki haujapamba moto. Natoa mkono, natunza, naondoka; mtoto amebaki na shangazi yake. Wakitaka kumwona yeye waje kwangu Jumamosi saa tatu asubuhi, wawili wasizidi, kuna chai na vitumbua. Kwetu anajua kila kona, hana cha kumshtua.

Nilichochelewa kujifunza ni kuwapa watu kazi. Mtu akimwona mtoto anagaragara na hajui afanye nini, atatoa ushauri, na ushauri wenyewe mnaujua: viboko, au maji ya upako. Kwa hiyo nawaambia mlangoni kabisa: "Akiziba masikio, zima redio. Usimshike, usimsemeshe. Mimi nitakaa naye chini, wewe sogeza chupa ya chai." Mwenye kazi mkononi hasemi sana.

Akiumiza mtoto wa mwenzio, piga simu siku hiyohiyo. Meseji haitoshi. Uliza anaendeleaje, omba radhi, ishia hapo. Mimi siku ile nilianza na somo la usonji kwa mama ambaye mwanawe bado alikuwa na alama za meno mkononi. Alinijibu "sawa" tatu, akakata.

Halafu kuna hili, linaniuma kulisema. Nilikuwa nimegeuka mtu wa habari moja. Rafiki yangu mmoja alirudi kwao na mabegi yake, na mimi nikajua baada ya miezi miwili, maana kila tulipoongea nilikuwa nasimulia ya kwangu. Sasa usiku, mtoto akilala, namrekodia sauti WhatsApp, nauliza yake kwanza.

Mmoja nimemwacha. Alisema mbele ya mwanangu kwamba nimelaaniwa. Sikumpigia tena, na sijutii.

Jumamosi iliyopita alikuja mama wa yule binti aliyeng'atwa, pamoja na binti mwenyewe. Jirani akawasha mziki, wangu akapeleka mikono masikioni. Kabla sijainuka, binti alishafunga dirisha. Kisha akauliza kama vitumbua vimebaki.