Gesi kuisha pilau likiwa jikoni

Dada yangu, pole kwa gesi kukuishia pilau likiwa nusu bichi na wageni wameshakaa mkekani, ilhali ulikuwa umepanga kila jambo kwa saa yake. Usijilaumu; nami yalinifika siku ya Idi, na tangu hapo neno "Inshallah" nalisema kwa moyo, si kwa ulimi tu.

Mtungi wa kilo 6 hauonyeshi kilichobaki, lakini ukiuweka kwenye mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu, ambao huandikwa kwenye mtungi wenyewe, utajua kiasi cha gesi. Au umwagie ubavuni maji ya moto kiasi, kisha upapase, kwani panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Hata ukishapima, weka tayari mkaa na jiko lake uani.